Nusu Kiraka

Watu wa mtaa ule walikuwa na majina yao kwa ndugu wawili wa kike wa chumba cha kushonea. Mkubwa walimwita Mkasi, kwa sababu ndiye aliyekata vitambaa na pia, tusifichane, kwa sababu ya ulimi wake. Mdogo walimwita Sindano: mwembamba, mkimya, kazi yake haina kelele. Mkasi anakata, Sindano anashona na kupiga pasi. Kwa miaka ishirini na sita hawakufanya kazi kwa namna nyingine, na sare za shule tatu za jirani zilitoka mikononi mwao, kola zimesimama, marinda ya sketi yamenyooka kama yamepigwa rula.

Walikuwa na tabia yao ambayo wateja waliicheka. Kila kitu nusu kwa nusu. Mkate, nusu. Chungwa, nusu. Mteja akiwaletea soda moja ya shukrani, Mkasi anatafuta bilauri ya pili. Walizoea hivyo tangu utotoni, mama yao alipokuwa akiwapa kitu kimoja na kuwaambia wamalizane wenyewe: mkubwa anakata, mdogo anachagua. Ukijua mwenzio ndiye atakayechagua, unajifunza kukata katikati kabisa. Mkasi alianza ufundi wake hapo, kabla hajagusa kitambaa.

Basi, mwaka ambao Mkasi alitimiza hamsini na mitano na mdogo wake hamsini na miwili, joto likaingia chumbani mle, na halikuwa joto la jua. Sindano anapiga pasi, mara anaiacha imesimama, anatoka mlangoni, anajipepea kwa karatasi ya vipimo, jasho linamchuruzika shingoni kana kwamba kamwagiwa ndoo. Anarudi, baada ya dakika kumi linampanda tena. Siku moja aliunguza mashati manne ya darasa la kwanza kwa mpigo, akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa akalia. Hedhi zao zote mbili zilikuwa zimeshawaaga. Mkasi naye alikuwa hoi, anaamka na shuka limelowa, anagombana na vifungo, na uzi, na wateja ambao hawajamkosea kitu.

Mkasi ndiye aliyekwenda kliniki. Alikuwa ameshaondolewa kizazi zamani kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo haogopi milango ya madaktari. Wakampima presha, wakamkagua matiti, wakamuuliza maswali mpaka akachoka, kisha wakamwandikia homoni. Si vidonge. Ni kitu chembamba, kinaangaza, unakibandika nyongani chini ya mshipi wa sketi, unakibadilisha mara mbili kwa wiki. Nesi alipomwambia kinaitwa kiraka, Mkasi aliangua kicheko.

"Ala! Maisha yangu yote nawatia watu viraka, leo natiwa mimi?"

Nesi yule alikuwa na kawaida ya kuwasomesha wanawake wakiwa wamekaa kwenye benchi, wapende wasipende. Siku hiyo alisema hedhi ikikoma na homoni kushuka, kinga ya mwili nayo huzeeka. Chembe nyeupe za damu huwa nzito. Ndiyo maana mama wa umri huu anasumbuliwa na mkojo kila mara, na kidonda kidogo kinakaa mwezi. Akasema watafiti wameona kwamba kwa baadhi ya wanawake wanaotumia homoni, chembe zile huchangamka tena, zikawa kama za mtu mwenye umri mdogo zaidi. "Bado wanachunguza," nesi alisema, "na hii si dawa ya kila mwanamke. Asikupe mtu, usimpe mtu."

Mkasi alisikia vizuri habari ya kinga kuchangamka. Maneno ya mwisho yalimpita, kwa sababu tayari alikuwa anamfikiria mdogo wake.

Sindano alikuwa na ugonjwa wa kinga. Hivyo ndivyo familia ilivyouita, na hakuna aliyekwenda mbali zaidi ya hapo. Ulimpata akiwa na miaka thelathini na mmoja, viungo vikavimba, uso ukaota wekundu mashavuni, akalazwa wiki sita. Kisha dawa zikaukalisha chini. Kwa miaka kumi na mitano ya karibuni haukunyanyua kichwa, ila alimeza kidonge kimoja kila asubuhi na kukwepa jua. Mkasi hakuwahi kuingia naye chumbani kwa daktari. Aliyeingia naye alikuwa mtoto wa Sindano mwenyewe, binti pekee, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule na sasa anafundisha hesabu, hata mama zake wote wawili wanamwita Mwalimu. Yule ndiye aliyekuwa na daftari la dawa, na tarehe, na vipimo. Alikataa kazi ya mji mwingine ili asiwe mbali na mama yake. Mkasi kwa akili yake ya kawaida alielewa hivi: mtu ana ugonjwa wa kinga, maana yake kinga yake ni dhaifu. Nesi kasema homoni zinaichangamsha kinga. Sasa hapo kuna la kuuliza?

Msimcheke. Wangapi kati yetu wangeelewa vingine?

Jumatatu iliyofuata alifunga mlango wa chumba cha kushonea, akatoa kiraka kwenye pakiti, akakiweka juu ya meza ya kukatia, akakikata katikati kwa mkasi mdogo wa tundu za vifungo. Akanyoosha vipande vyote viwili kwenye kiganja.

"Chagua," akasema.

Sindano hakuchagua upesi. Alivitazama vile vipande kwa muda mrefu, huku pasi inafuka mvuke nyuma yake.

"Daktari wako anajua?"

"Daktari wangu ana wagonjwa mia moja nje ya mlango. Nimjazie na wewe? Nimeuliza, nimesikia kwa masikio yangu, inasaidia na kinga. Wewe hasa ndiye unayeihitaji kuliko mimi."

Sindano akatabasamu kidogo. Kisha akachukua kipande cha kushoto, akageuka, akainua blauzi. "Usimwambie Mwalimu," akasema. "Atatufanyia somo zima ubaoni."

Mkasi akacheka, akakubali. Ilikuwa siri ndogo ya wasichana wawili wenye mvi.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, na hapo ndipo moyo unapouma zaidi. Sindano alilala. Alikuja kazini uso umetulia, anaimba kwenye cherehani kwa sauti ambayo Mkasi hakuisikia tangu waolewe na kuachika. Siku moja alimtania mteja mnene aliyetaka suruali ya kumbana mpaka mteja mwenyewe akashika tumbo kwa kucheka. Sindano huyu, mkimya! Mkasi alikuwa anamtazama na kujisifu kimoyomoyo: mimi huyo, mimi ndiye niliyemrudisha.

Wiki ya kumi, mshono wa kwanza ukaenda upande. Mkasi aliuona kwenye pindo la sketi, akaufumua bila kusema. Kesho yake miwili. Sindano alikuwa anafika asubuhi na kuweka mikono kwenye ubao wa pasi wenye moto kabla ya kugusa uzi, anafungua na kufunga vidole taratibu. "Baridi tu," alisema, na haikuwa na baridi. Wekundu ukaanza mashavuni, akaupaka poda. Halafu miguu. Alivua viatu chini ya cherehani, na Mkasi alipoinama kuokota chaki akaona nyayo zimevimba, alama za kamba za viatu zimezama kwenye nyama.

"Wewe, hii nini?"

"Nimesimama sana jana."

"Jana ulikuwa umekaa kutwa!"

Mkasi alikwenda mwenyewe shuleni, akamtoa Mwalimu darasani katikati ya somo. Walimpeleka hospitali mchana uleule, Sindano katikati yao kwenye kiti cha nyuma cha teksi, anajitetea kwamba ana sketi thelathini za kumaliza.

Figo zilikuwa zimeshambuliwa. Daktari wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliwaita wote wawili kwenye chumba kidogo chenye kabati la mafaili na viti viwili. Mwalimu akafungua daftari lake. Kidonge hiki tangu mwaka fulani, kile kiliachwa, kipimo cha mwisho miezi mitano iliyopita kilikuwa safi. Daktari akamsifu. Halafu akauliza kama kuna kitu kipya chochote, dawa ya mitishamba, sindano, homoni.

"Hakuna," alisema Mwalimu. "Ningejua."

Mkasi aliona kidole cha binti yule kimetua kwenye mstari wa mwisho wa daftari, mstari ulioandikwa kwa wino wa bluu na kupigiwa mstari chini. Angeweza kunyamaza. Mdogo wake mwenyewe alikuwa ameshakibandua kile kipande, maana nesi wa wodi hakukiona. Lakini jamani, mtu akiwa kitandani utamficha daktari?

"Kipo," akasema. "Nimempa mimi. Viraka vyangu vya homoni. Nusu yangu, nusu yake. Wiki kumi na moja."

Mwalimu hakugeuka kumtazama. Daktari aliweka kalamu chini na kueleza polepole, bila ukali, na ingekuwa afadhali angefoka. Kinga ya Sindano haikuwa dhaifu hata siku moja, alisema. Ilikuwa kali kupita kiasi, na haimtambui mwenye mwili. Inamshambulia viungo, ngozi, figo, kana kwamba ndiye mdudu. Dawa zote za miaka ile zilikuwa za kuituliza. Homoni ile huichangamsha kinga, na kwa wanawake wengi baada ya hedhi kukoma hilo halina ubaya, pengine lina faida. Kwa mtu kama huyu, wanaogopa.

"Kwa hiyo ndicho kilichoamsha?" Mkasi aliuliza.

"Siwezi kuapa, mama. Ugonjwa huu unaweza kuamka wenyewe, hasa umri huu mwili unapobadilika. Na kiraka kina dozi ndogo kuliko kidonge. Lakini ningeulizwa, ningekataa."

Hakuna aliyemuuliza. Mkasi alitoka, akaegemea ukuta wa korido wenye rangi ya kijani kibichi.

Walianza kumpa dawa kali za kuizima kinga. Mwalimu alikaa upande wa kulia wa kitanda, Mkasi upande wa kushoto, na kati yao walizungumza habari za uji, maji na shuka tu. Binti aliendelea kumwita mama mkubwa, kwa adabu, kama anavyoitwa mtu baki mwenye umri huo. Siku ya tano Mwalimu alishuka kufuata majibu ya maabara, na Sindano akafumbua macho.

"Unalia nini na wewe?"

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe. Nilidhani nakupa nguvu. Sikujua."

"Mimi nilijua," Sindano akasema.

Mkasi akadhani homa inaongea. Akamfuta paji la uso.

"Nilijua, dada. Daktari wa zamani aliniambia, homoni usiguse. Nilijua toka uliponyoosha kiganja. Ndiyo maana nilikawia." Alipumua kwanza. "Miaka yote hii naishi kama yai kwenye kijiko. Usikae juani, usichoke, usile hiki, umemeza? Nikicheka, mtoto ananiangalia kama nina homa. Ukaja na kile kipande, na joto lile lilikuwa limenichosha, nikasema mara hii moja acha niwe mwanamke kama wengine, nalalamikia umri wangu, natumia dawa ya dada yangu. Sikufikiri yangefika huku. Nilijiambia nikiona dalili nitaacha. Nikaziona, nikajiambia kesho."

"Wewe mwanamke una wazimu!" Mkasi alisema, na hasira ilimpanda kweli, hasira ya moto, alitamani kumtikisa mabega. "Na mtoto je? Amekataa kazi kwa ajili yako! Ameacha mambo yake yote! Ulimfikiria?"

Machozi yakamtoka Sindano pembeni mwa jicho, yakaingia sikioni. "Kwa hilo sina cha kusema," akajibu. "Zile wiki tisa nililala, dada. Nililala vizuri."

Mkasi akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia yule mgonjwa na mipira yake yote ya dripu, na nesi aliyepita akageuza uso akaenda zake.

Si figo zilizomchukua. Dawa ziliituliza kinga, figo zikaanza kupata nafuu kidogo, Mwalimu akaandika namba kwenye daftari na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Lakini kinga iliyozimwa haimzuii mdudu, na mdudu akaingia kwenye mapafu. Ijumaa Sindano alikohoa. Jumapili mchana, saa ya kutembelea wagonjwa, watu wamejaa na vikapu vyao, Sindano akafariki, binti yake kamshika mkono wa kulia na dada yake wa kushoto.

Baada ya mazishi Mwalimu hakuonekana kwa wiki tatu. Mkasi alifungua chumba cha kushonea kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na watoto hawavai msiba wa mtu. Alikata mwenyewe, akashona mwenyewe, vibaya. Viraka vyake alivirudisha kliniki. Nesi yule alimwambia havina kosa mwilini mwake, vinamfaa, asijiadhibu. Mkasi akamwambia ashike.

Mwalimu alikuja siku ya Jumamosi asubuhi, amevaa gauni jeusi ambalo mama yake alimshonea. Alikuja kuchukua vitu: miwani ya mama, khanga ya kujifunikia magoti, sanduku la vifungo. Alivipanga kwenye mfuko bila haraka. Alipomaliza hakuondoka. Alibaki amesimama upande wa pili wa meza ya kukatia, vidole vyake vinafuata alama za chaki.

"Nina swali moja, mama mkubwa. Nijibu tu, halafu sitakusumbua."

"Uliza, mwanangu."

"Mama alijua?"

Mkasi akaweka chaki chini.

"Kwa sababu daktari wa zamani alimwambia. Nilikuwepo, nimekaa mapajani kwake. Alisema homoni ni marufuku, nakumbuka hilo neno, marufuku, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye ukuta wa shule yetu. Lakini mama siku ile alikuwa analia. Labda hakusikia. Nimekuwa nikijiuliza kila siku. Kama alisikia, kama alijua, halafu akabandika kile kitu na kukaa mezani na mimi kila jioni, namhesabia vidonge, nampimia presha, yeye ananitazama tu..." Akafunga mdomo wa mfuko. "Basi mimi nilikuwa nani kwake? Nilikuwa mlinzi wa jela?"

Mkasi alimtazama binti yule. Macho yalikuwa ya Sindano yenyewe, yamevimba, yanasubiri. Akajua anashika nini mkononi. Neno moja tu, *alijua*, na mzigo wote ungemtoka mgongoni. Binti angelia, angezunguka meza, pengine angemwegemea begani, kwa sababu wangebaki wawili waliotendwa na mtu mmoja. Angempata mtoto. Hakuwa na mwingine duniani, na umri wake ulikuwa hauleti wengine. Na lingekuwa kweli, tena kweli tupu, bila kuongeza chumvi.

Halafu binti angerudi nyumbani, akakaa kwenye meza ile, akaanza kuzifikiria jioni zote, moja baada ya nyingine, miaka ishirini na moja.

"Hakujua," Mkasi akasema.

"Una hakika?"

"Aliniuliza kama daktari anajua, nikamdanganya kwamba nimeuliza, kwamba inamfaa. Alikataa kwanza. Nikamshurutisha, unanijua nilivyo. Akaniamini kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Angekuwa anajua asingekuacha, Mwalimu. Alikuwa anakusema hapa kutwa nzima mpaka nakereka. Mwanangu hivi, mwanangu vile."

Binti alifumba macho. Mabega yake yakashuka, pumzi ndefu ikamtoka, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa na amani. Kisha akafumbua macho, akamtazama mama yake mkubwa, na sasa hakukuwa na swali tena ndani yake.

"Basi ni wewe," akasema. "Wewe peke yako."

"Ni mimi."

"Alikwambia hataki, ukamlazimisha."

"Nilimlazimisha."

Mwalimu akachukua mfuko wake. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo.

"Nimepewa tena ile kazi ya mji mwingine," akasema. "Nimeikubali. Usinitafute, mama mkubwa. Usiniandikie, usipige simu. Sina ubaya na wewe, siwezi tu kukuona."

Mkasi alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nenda salama."